Shika tochi, mzee

Haya ni yale niliyoongea Jumamosi kwenye semina ya kanisa letu hapa Kisumu. Watu kadhaa wameniomba niyaandike, na mimi si mwandishi, kwa hivyo nimeandika tu vile nilikuwa nikiongea, na pale nilipotoka nje ya mada nimepaacha hivyo hivyo.

Bwana Yesu asifiwe. Naona walio nyuma chai bado haijawaingia, Bwana Yesu asifiwe tena. Mungu ni mwema. Haya, ketini.

Baba pasta, mama pasta, wazee wa kanisa, akina mama, vijana wangu, na wageni wetu mliotoka Ahero, Maseno, na wale wa Nakuru walioamka saa tisa usiku kuwahi matatu, nawasalimu nyote. Nimesema nyote ndio nisiruke mtu, kwa sababu leo naanza na stori ya jina lililorukwa, na jina lenyewe lilikuwa langu.

Karatasi niliyopewa imeandikwa "Kukua katika unyenyekevu na imani". Nilipoisoma nikampigia pasta nikamwambia hizi ni mada mbili, nipee moja, afadhali ile ya imani, maana ukisimama mbele ya watu uanze kuwafundisha unyenyekevu tayari umeshaanguka mtihani. Akacheka, akasema dakika ni 40, changanya. Basi nikafungua Biblia nichanganye, kumbe zilichanganywa zamani, na ndilo hilo tu nimekuja nalo leo, sina lingine.

Sasa ile stori. Mwaka juzi tulikuwa na matanga upande wa Nyakach, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi nilikuwa mimi. Mnaijua hiyo kazi. Wiki 2 unalala na simu sikioni, unafuatilia michango, huyu ameahidi hajatuma, yule ametuma mia mbili na anataka jina lake lionekane kwa grupu kabla jua halijatua, bili ya mochari inapanda kila siku, jeneza, gari, mafuta ya gari, ng'ombe, tenti, watu wa spika. Nilifanya yote hayo na nikafanya vizuri, hilo silifichi. Na nikaandika hotuba. Niliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, nikaikunja mara 4 nikaiweka mfuko wa ndani wa koti, na hilo koti nililivaa kwa jua la Nyakach tangu asubuhi kwa sababu ya hiyo karatasi.

Mheshimiwa akachelewa. Akafika saa nane na msafara wake, programu ikavurugika, MC akashika maiki akasema kwa sababu ya muda itabidi wasemaji wapunguzwe. Mimi nikavuta kiti mbele kidogo, nikafunga kifungo cha koti, nikijua kwa vyovyote mimi si wa kupunguzwa. MC akasema, "Kamati nzima ya maandalizi, Mungu awabariki sana, na sasa moja kwa moja tumkaribishe mheshimiwa." Basi, ikaishia hapo. Wiki 2 na ukurasa mmoja na nusu, vyote vikamezwa na "kamati nzima".

Sikula siku hiyo. Mama watoto alileta sahani ya wali na nyama nikamwambia tumbo linanisumbua. Njiani kurudi hadi tunapita Katito sijafungua mdomo. Marehemu alikuwa wa watu wengine lakini ungeniona ungedhani mimi ndiye nimefiwa. Na haikuisha siku hiyo, ilienda karibu mwezi. Nikioga namuona yule MC. Nikiomba nasema, "Bwana, umeona nimemsamehe," na kila nikisema nimemsamehe nakumbuka tena vile alisema "kamati nzima", napandwa na hasira upya, halafu nasamehe tena. (MC mwenyewe ni mtu wa Mungu na ni rafiki yangu mpaka leo, hajui hii stori, na kama yuko hapa asijitaje.)

Mtu atasema hicho ni kiburi tu, mambo ya imani yameingilia wapi. Subirini.

Mkisoma Mathayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho mkitafuta ni nani Yesu alimwambia ana imani kubwa, kubwa yenyewe, si "imani yako imekuponya", mtawapata watu 2 tu. Wa kwanza ni yule akida wa Kapernaumu, sura ya 8. Wa pili ni mwanamke Mkananayo, sura ya 15. Wote 2 si Wayahudi, wote 2 wanamuombea mgonjwa aliyebaki nyumbani, na wote 2, hapa ndio nilisimama nikaweka kalamu chini, wanakubali mbele za watu kwamba hawastahili. Wanafunzi wake, wale waliokula naye kila siku, wao Mathayo anawarekodi wakiitwa "imani haba". Sura ya 8 kwenye mashua, imani haba. Sura ya 14 Petro akizama, imani haba. Sura ya 16 wakilia juu ya mikate, imani haba. Na ni hao hao wa imani haba ambao Marko anatuambia walibishana njiani nani ni mkubwa, na Luka anasema walibishana tena usiku ule wa mwisho, mezani, chakula cha mwisho bado kipo mbele yao. Mimi zamani nilikuwa naona hayo ni mambo mawili tofauti, kwamba walikuwa na shida ya imani upande huu na shida ya vyeo upande ule. Siku hizi naona ni ugonjwa mmoja.

Twende kwa akida. Kapernaumu ni mji wa wavuvi ukingoni mwa ziwa, wewe fikiria tu Dunga, ufuo wetu wa wavuvi hapa Kisumu, mashua zimevutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa, harufu ya samaki. Huyu akida ana askari, cheo chake kinasema 100, na mtumishi wake ni mgonjwa karibu kufa. Luka sura ya 7 anasema hakuja mwenyewe, aliwatuma wazee wa Wayahudi, na wale wazee walivyofika wakampigia debe sawasawa: amestahili huyu umtendee neno hili, maana analipenda taifa letu, naye alitujengea sinagogi. Mmesikia hiyo? Alijenga sinagogi! Sisi hapa mtu akileta mabati 10 tunamwekea kiti cha mbele chenye kitambaa, tunamtafutia mtoto wa Sunday School ampelekee maua, na akikohoa tunapiga makofi. Huyu amejenga nyumba nzima ya ibada na pesa zake. Kama ni kwetu jina lake lingekuwa kwenye jiwe pale mlangoni, na jiwe limefunguliwa na gavana.

Wazee wanasema anastahili. Yeye mwenyewe, Yesu akiwa amekaribia nyumbani, anatuma marafiki na kusema sistahili wewe uingie chini ya dari yangu, sema neno tu. Angalieni vile hakukana kwamba amejenga. Hakusema lile sinagogi ni kitu kidogo tu jamani, ule uongo wetu wa harambee. Alijenga, ni kweli, lakini wakati wa kuomba hakulileta lile sinagogi mezani. Mimi ningelileta. Mimi nina orodha, Mungu anaijua, nimekuwa nikimsomea kila nikiomba: Bwana unajua vile nimekutumikia, Bwana kumbuka nilivyosimama na kanisa wakati wengine walihama. Ile si sala, ile ni invoisi.

Na kitu kingine kwa huyu akida, sijawahi kusikia ikihubiriwa sana. Anapoeleza kwa nini anaamini neno tu linatosha, hasemi "mimi pia nina mamlaka". Anasema mimi nami ni mtu niliye chini ya mamlaka, halafu ndio anataja askari walio chini yake. Anaanza na aliyeko juu yake. Mtu aliyezoea kuamrishwa anajua neno la mkubwa linafanya kazi hata mkubwa akiwa hayupo. Sisi ambao tunataka kuwa juu peke yetu tutalijulia wapi neno la Mungu? Hatujawahi kutii neno la mtu yeyote, ya Mungu ndiyo tutaanzia wapi. Biblia inasema Yesu alistaajabu. Mara 2 tu kwenye Injili tunaambiwa Yesu alistaajabu, hapa kwa sababu ya imani ya mgeni, na kule Nazareti kwa sababu watu wa kwao hawakuamini, na wao shida yao ilikuwa nini, si huyu ni yule seremala, mama yake tunamjua, dada zake wako hapa kwetu.

Sasa niwapeleke Ahero. Mimi nina poshomili kule, mashini ya kusaga unga, wengi mnajua, karibu na stendi. Mwaka 2024 ile mvua ya Aprili na Mei, Nyando ilivunja kingo vile huwa inafanya, lakini ile ilikuwa kali, maji yakaingia kwa mashini usiku. Asubuhi nilifika nikakuta matope mpaka hapa kwa goti, gorogoro za watu, yale makopo ya kupimia nafaka, zinaelea, na mota imezama yote. Mota ya fezi tatu ikinywa maji ya matope usiiwashe, utaiua kabisa. Inafunguliwa, inaoshwa, inakaushwa, na mara nyingi waya zote za ndani zinatolewa inafungwa upya. Hiyo ni pesa, na ni fundi anayejua, si kila mtu.

Fundi anayejua nilikuwa namjua. Ni kijana aliyekuwa akinifanyia kazi pale pale, nilimfundisha mwenyewe kubadilisha beringi na kupiga chekecheke, na miaka 4 kabla ya mafuriko nilimfukuza. Alinijibu mbele ya wateja. Na alichosema kilikuwa kweli, alisema mzee hiyo gorogoro unayopimia imebonyea, mama huyu anapunjwa, na ilikuwa imebonyea, lakini nani alimtuma aseme mbele ya watu. Nikamwambia chukua shati lako uende. Akaenda, akajifunza kufunga mota kwa fundi mmoja pale Kibuye, akafungua kibanda chake.

Wiki 2 mashini imelala. Na mimi nilikuwa nikiomba, ndugu zangu, sikuwa mtu wa mchezo, nilifunga siku 3. Bwana fungua mlango. Bwana tuma msaada kutoka mahali nisipotarajia. Na mahali nisipotarajia palikuwa kwa simu yangu, namba ilikuwa imeseviwa. Nilichokuwa naomba, mkiangalia vizuri, ni muujiza ambao hautanihitaji nimpigie mtu simu. Nilitaka Mungu anisaidie kwa njia ambayo nikisimama kanisani kutoa ushuhuda nitabaki vile vile nilivyo, mwenyekiti. Na siku nilizokaa kimya nilikuwa nikiziita kumngoja Bwana.

Mama watoto ndiye alinivunja. Alikuwa anachagua mchele, hata hakuniangalia, akasema, "Wewe hutaki kusaidiwa, unataka kuheshimiwa." Halafu akaendelea kuchagua mchele. Mimi nikatoka nje nikazunguka zunguka pale kwa ng'ombe, nikarudi, nikatoka tena, na kama saa mbili usiku nikapiga.

Alishika mara ya kwanza ikilia. Nikaanza kujieleza, akanikatiza, akauliza tu mota ni ya hosipawa ngapi, na maji yamekaa ndani siku ngapi. Siku 15. Akanyamaza kidogo, akasema kesho.

Alifika na bodaboda, begi la vyuma mgongoni, akanisalimia, "Mzee habari," kama vile tuliachana jana. Stima zilikuwa bado hazijarudi na ndani ya kile chumba mchana ni kama usiku, kwa hivyo akatoa tochi kwa begi akanipa. "Shika tochi, mzee." Nikashika. Akafungua ile mota boliti kwa boliti, akizipanga kwa gazeti kwa mstari vile nilimfundisha mimi, ikatoka ile harufu ya matope yaliyooza na vanishi. Kila mara ananiambia, si hapo, hapa, shusha kidogo, usinipige machoni. Watu wanapita mlangoni, wateja wangu, wanaona mwenye poshomili ameinama ameshika tochi na yule kijana waliyeona akifukuzwa ndiye anasema shusha, inua. Tulikaa hivyo kwa muda wa karibu masaa 3. Mkono ulikufa ganzi. Na nataka kuwaambia ukweli, ile saa ya kwanza nilikuwa naumia kuliko siku ya matanga, lakini baada ya hapo, sijui niseme vipi, nilianza kuangalia kazi. Nikasahau wapita njia. Kijana alikuwa na mikono mizuri, anazihesabu zile waya kwa midomo bila sauti, nikajikuta namuombea tu pale pale, na kwa mara ya kwanza kwa wiki 2 sala yangu haikuwa na orodha.

Akaibeba kwenda kuifunga Kibuye, akairudisha baada ya siku 4, ikasaga. Nikamuuliza bei, akasema nitalipa mashini ikishasaga ya kutosha. Sasa ona ujinga wangu, nikataka kuuza mbuzi nimlipe jioni hiyo hiyo. Si uaminifu, msinisifu. Sikutaka tu kulala na deni la mtu niliyemfukuza. Kupokea ni kugumu jamani. Kutoa ni rahisi, ukitoa uko juu, mkono wako ndio uko juu. Kupokea unakuwa chini, na imani mimi naona ni kupokea, hakuna kingine tunachofanya pale, tunapokea wokovu tusioununua, na mtu asiyejua kupokea mota kwa kijana wa Kibuye sijui atapokeaje neema kutoka mbinguni.

Ndio maana yule mama Mkananayo ananisumbua. Hapo niwe mkweli, hiyo ni habari ngumu, na wahubiri wengi tunaipita mbio. Mama anapiga kelele, binti yangu anateswa. Yesu hamjibu hata neno moja. Wanafunzi wanasema mfukuze, anatupigia kelele. Yesu anasema sikutumwa ila kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli. Mama anapiga magoti. Na hapo anaambiwa si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa.

Sisi tungeondoka. Mimi nilisusia wali kwa sababu ya "kamati nzima", hilo la mbwa ningelifikisha kwa askofu. Wanaojua Kiyunani wanasema neno lililotumika hapo ni la vijibwa, wale wa kufugwa ndani ya nyumba, si wale wa kuzurura jalalani, na huenda hiyo inalainisha kidogo, lakini kwetu hapa mbwa ni mbwa, haingii ndani, analala nje akilinda boma, na akichungulia mlangoni wakati wa kula anarushiwa kiatu. Sitajifanya nimelielewa lote. Ninachoona ni vile mama alijibu. Alisema ndiyo, Bwana. Hakubishania jina, alilichukua lile neno alilopewa akaingia nalo mpaka chini ya meza: lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo. Yaani hataki kiti. Anajua hiyo meza ni tajiri hivi kwamba makombo yake yanatosha kumponya mtoto. Hebu pimeni imani hiyo. Sisi tunaopigania viti vya mbele pengine ni kwa sababu tunashuku chakula hakitafika nyuma.

Na Yesu akasema, "Mama, imani yako ni kubwa." Petro mwenyewe hakuwahi kuambiwa hivyo, na ni sura moja tu imepita tangu azame.

Kuna hatari moja niitaje kabla sijamaliza, maana watu wa hapa Nyanza tunayo historia yake. Unyenyekevu wenyewe unaweza kugeuka beji. Wazee wanaukumbuka Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia kwetu kabla ya vita vya pili. Watu walisimama hadharani wakaungama, walirudisha vitu vya wizi, wazungu wa misheni na Waafrika waliombana msamaha, kila mtu akawa ndugu tu. Dani yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa wa Uamsho, alitembea na jembe begani kurudisha kwa jirani, jembe lenyewe lilishachakaa, na jirani alikuwa ameshasahau kwamba aliliibiwa. Mimi nilikua na stori hiyo. Lakini miaka ikienda, hao hao waliovunjika wakagawanyika, wengine wakaitwa Joremo, watu wa damu ya Yesu, wengine Johera, watu wa upendo, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 Johera wakatoka Anglikana wakaanzisha kanisa lao. Sihukumu upande wowote, tuko hapa wajukuu wa pande zote 2, na kulikuwa na mengine mengi ndani yake. Nasema tu kwamba watu waliokusanywa na kuungama wanaweza kufika mahali wakapimana nani ameungama vizuri zaidi.

Na leo yetu iko wazi zaidi. Mtu anajiita mtumishi asiye na kitu, halafu bango la mkutano pale Kondele uso wake ni mkubwa kuliko neno Yesu, na ukimwita "ndugu" bila cheo chake hajibu. Vijana msicheke sana, na nyinyi mko na zenu, mmeenda kutembelea wagonjwa hospitali dakika 20, picha 40, na chini mmeandika "si sisi, ni Mungu". Kama ni Mungu mbona hayuko kwa picha hata moja. Sawa, nimetania, lakini nimetania nikijua na mimi nilikuwa na hotuba mfukoni.

Dakika zangu zimebaki chache, niguse tu Luka 17. Mitume wanasema, "Tuongezee imani." Sala nzuri hiyo, ndiyo mada yetu ya leo kabisa. Yesu anawaambia mkiwa na imani kama punje ya haradali mngeuambia mkuyu ung'oke, na tukifika hapo huwa tunafunga Biblia tunaanza kung'oa mikuyu kwa maombi. Lakini hakuishia hapo. Msitari unaofuata moja kwa moja anauliza, ni nani kwenu mwenye mtumwa akitoka shambani kulima atamwambia njoo ukae ule? Si atamwambia niandalie mimi kwanza? Halafu anawaambia mkishafanya yote, semeni sisi ni watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa. Waliomba kuongezwa imani, jibu likaja na mtu aliyetoka shamba na matope miguuni, bado anapakua chakula cha mwingine, na hakuna MC wa kumtaja. Nimesoma hiyo sehemu miaka yote nikidhani ni habari 2 zilizowekwa karibu kwa bahati tu.

Mtu aliniuliza asubuhi pale kwa chai, sasa nikitaka kukua katika hayo nifanye nini, nianze na nini. Sina mpango wa siku 21. Kama kuna mtu ambaye ukiomba msaada unaomba Mungu asimtumie huyo, mimi ningeanza na huyo. Na ile sala ya orodha, jaribu wiki moja kuomba bila kumkumbusha Mungu chochote ulichofanya, utashangaa sala inavyokuwa fupi. Yangu siku za kwanza ilikuwa "Bwana," halafu kimya, sijui niendelee na nini.

Yule kijana bado hajakubali pesa yote, amechukua nusu. Mbuzi yuko, amezaa. Ile gorogoro iliyobonyea niliitupa nikanunua mpya. Na juzi Alhamisi amenipigia, amepata kazi ya mota kubwa kule Muhoroni, msaidizi wake anaugua malaria, akaniuliza, "Mzee, Jumatatu uko na nafasi? Nahitaji mtu wa kushika tochi." Nimemwambia anipitie saa kumi na mbili asubuhi.